Ufunguo wa Titanic

Saa sita na nusu usiku nilikuwa bado nimekodolea macho kompyuta. Kwenye skrini kulikuwa na chumba cha ofisa wa meli ya Titanic, vitu vimerundikana kama mtumba uliofunguliwa sasa hivi: kofia, dira, vikombe, barua, jozi ya viatu. Pembeni, orodha ya vitu kumi na viwili. Kumi na kimoja nilikuwa nimeshavibofya. Kilichobaki ni ufunguo.

Michezo hii ya kutafuta vitu vilivyofichwa nimeipenda tangu nikiwa chuoni. Haina risasi wala mbio. Inakupa fumbo la kale, mara kaburi la farao, mara meli iliyozama, kisha inakuahidi kwamba ukimaliza orodha, fumbo limefumbuliwa. Hatimaye niliuona ufunguo nyuma ya pazia. Kabati likafunguka, ndani mna darubini. Nikapongezwa: siri ya Titanic imefichuka.

Kesho yake nilisoma na kugundua kuwa waliotengeneza mchezo hawakuutunga ufunguo ule. Aprili 1912, muda mfupi kabla ya Titanic kuondoka Southampton, safu ya maofisa ilipanguliwa, na ofisa wa pili, David Blair, akaachwa. Alishuka na ufunguo unaosemekana ulikuwa wa kabati la darubini za walinzi wa mlingotini. Tarehe 14, saa 5:40 usiku, mlinzi Frederick Fleet aliuona mlima wa barafu kwa macho matupu, meli ikiwa imeshaukaribia mno. Fleet alinusurika. Alipohojiwa na kamati ya Seneti ya Marekani, alisema kwamba kwa darubini wangeuona mapema kiasi cha kuukwepa. Mwaka 2007 ufunguo wa Blair uliuzwa mnadani kwa pauni 90,000.

Nilimsimulia mdogo wangu aliye kidato cha pili, nikijiona nimegundua jambo kubwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Sasa dada, na mashua za kuokolea nazo zilifungiwa kabatini?”

Sikuwa na jibu, nikarudi kusoma.

Mashua hazikufungiwa popote. Zilikuwa 20, zimepangwa juu ya sitaha, kila abiria aliyepita hapo akiziona. Jumla ya nafasi zake ilikuwa 1,178, na melini walikuwamo watu zaidi ya 2,200. Wala kampuni haikuvunja sheria. Kanuni za Uingereza zilihesabu mashua kwa ukubwa wa meli, na ngazi ya juu kabisa ilikuwa tani 10,000 na kuendelea: mashua 16. Titanic ilikuwa na tani zipatazo 46,000. Meli zilikuwa zimekua, kanuni zikabaki palepale. Kwa karatasi, meli ile ilikuwa na mashua nne za ziada.

Maonyo ya barafu nayo yalikuwa yamepokewa kwa redio siku hiyohiyo kutoka meli nyingine, lakini mwendo haukupunguzwa. Watu wapatao 1,500 walikufa. Abiria wa daraja la kwanza walinusurika zaidi ya nusu; wa daraja la tatu, takribani robo tu.

Hakuna hata kimoja kati ya hayo kilichokuwa kimefichwa. Ndiyo maana, nadhani, tunaupenda ufunguo. Ufunguo unamtafuta mtu mmoja aliyesahau. Mashua zinawagusa waliotunga kanuni, waliozifuata, na waliozitazama wakaona zinatosha.

Mabaki ya Titanic yalipatikana Septemba 1985, karibu mita 3,800 chini ya Atlantiki. Miili haikuwepo tena. Lakini hapa na pale kwenye tope palikuwa na viatu, viwili viwili, vimelala ubavu kwa ubavu. Ngozi iliyotiwa dawa kiwandani viumbe wa baharini hawaili, kwa hiyo mahali ulipotua mwili, viatu vilibaki.

Usiku ule niliufungua tena mchezo, nikarudi kwenye chumba cha ofisa. Viatu vilikuwa namba nne kwenye orodha. Rekodi ilionyesha kwamba nilivibofya kwa sekunde mbili, nikapewa pointi kumi.