Wapasua Mbao wa Mau katika Somo la Fasihi Simulizi

Mwalimu msomaji, unapofundisha nyimbo za kazi, bila shaka hutaja wawe za wakulima na kimai za mabaharia. Wapasua mbao huwataji. Mwanafunzi wa Longisa, ambaye huenda babu yake alilea watoto kwa msumeno, ajione wapi katika somo hilo?

Longisa iko mashariki mwa Kaunti ya Bomet, upande wa msitu wa Mau. Waogiek walirina asali msituni humo, nao Wakipsigis wakafuga na kulima kandokando yake. Mashamba makubwa ya chai yalipoanzishwa Kericho katika miaka ya 1920, miti ya asili ilifyekwa, na baadaye mikaratusi ikapandwa ili kuni za kukaushia majani zipatikane. Mwaka 2001 Serikali ilimega sehemu ya Mau kwa makazi. Mwaka 2009 ikawafurusha watu. Februari 2018 ukataji miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku, hadi Rais alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023.

Sasa mtazame Chemosi. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi, ndugu wa Wakipsigis, anamweleza kuwa nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja na kinywa chekundu king'aacho usiku kama taa. Sisi huiita hadithi yake ngano ya mazimwi, tukasema dhima yake ni kuwaonya watoto. Kauli hiyo ni sahihi ila haitoshi. Zimwi huhitaji mahali pa kujificha. Msitu basi si pambo la mandhari. Ndio unaomfanya mhusika huyo aaminike. Pale ulipokatwa, mtoto atauliza: zimwi laishi wapi?

Hapo ndipo mapisi yanapoanza. Lakini tahadhari! Darasani mwako yumo mtoto wa mpasua mbao aliyekosa riziki mwaka 2018, na yumo wa familia iliyofurushwa. Kila nyumba ina simulizi yake kuhusu nani aliumaliza msitu. Usiwe hakimu. Waagize wakusanye simulizi mbili za tukio moja, kisha walinganishe msimulizi, hadhira na dhamira. Watagundua wenyewe kwamba fasihi simulizi haikuachwa na mababu tu. Inatungwa nyumbani kwao jioni hii.