MAJINA YA VIJIJI VYA WAZEE WETU

Tulipokuwa tunatayarisha Yubile hii, jamaa nyingi zilitujia na ombi moja: kuonyeshwa katika vitabu vya ubatizo mahali walipozaliwa wazee wao. Tulifungua vitabu, tukasoma jina la kijiji, na mara nyingi hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua mahali penyewe.

Sababu ya kwanza ni kwamba wazee wetu mara nyingi waliita kijiji kwa jina la mtu aliyekitawala. Mpala yenyewe, mama wa misioni zetu kando ya ziwa Tanganyika, ni jina la sultani aliyempokea Storms mwaka 1883. Mapadri Weupe walipokabidhiwa boma lile mwaka 1885, jina lilibaki. Mpala ilikuwa na bahati ya kuandikwa katika ramani. Vijiji vingine havikuipata. Sultani alipokufa, kijiji kilichukua jina la mrithi wake. Ao mrithi alipokea jina la marehemu pamoja na kiti, kisha akahama, na jina likatembea naye mpaka bonde jingine. Baadaye ugonjwa wa malali uliondosha watu kandokando ya maji, na Serikali ya Wabeleji ikavikusanya vijiji njiani.

Majina ya Kizungu yaliongeza giza. Misioni ya Kirungu, iliyoanzishwa mwaka 1893, iliitwa Baudouinville, kwa ukumbusho wa mtoto wa ndugu yake mfalme Leopold II, aliyefariki mwaka 1891. Basi mzee aliyeandikiwa «Baudouinville» huenda hakuzaliwa Kirungu hata kidogo. Alibatizwa pale, naye alitoka mwendo wa siku mbili katika milima ya Marungu (wengine huandika Malungu, maana sikio la mgeni halikutenga vizuri r na l).

Wenye shida kupita wote ni wajukuu wa watoto waliokombolewa utumwani. Kwa hao tunasoma tu Urua, Uguha ao Manyema. Hayo si vijiji, ni nchi nzima, kama watu wa misafara ya pwani walivyozitaja: Urua ni nchi ya Waluba, Uguha ni ya Waholoholo. Mtoto wa miaka sita angeweza kusema nini zaidi? Jamaa hizo tumeziambia wazi kwamba tunaweza kuonyesha upande wa nchi tu.

Tena tuungame kosa letu wenyewe. Vijana wawili wa parokia walitaka kufunga ndoa, na wazazi wakatuomba tuhakikishe kwamba hakuna udugu. Tulitafuta mama wa mama wa kijana na mama wa mama wa binti: vijiji viwili, majina mawili. Tukajibu kwamba hakuna neno. Matangazo yakasomwa dominika ya kwanza. Kesho yake mama mmoja mzee sana alikuja na fimbo yake, akasema: «Hayo ni majina ya kijiji kimoja. La kwanza ni la mjomba, la pili ni la mpwa aliyemrithi. Sisi sote tulichota maji katika kijito kimoja.» Akatutajia kijito.

Tulikwenda huko pamoja na baba wote wawili. Tulikuta michikichi mizee, mawe ya kusagia yaliyovunjika, na makaburi ambayo mama yule alikuwa ametueleza kabla hatujaondoka. Wale wanawake wawili walikuwa wamezaliwa na mama mmoja. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 huzuia ndoa mpaka daraja la nne, na vijana hawa walikuwa katika daraja la sita. Lakini kwa ukoo wetu, unaofuata upande wa mama, ni kaka na dada. Wao wenyewe waliomba matangazo yakomeshwe. Binti alilia sana, nasi hatukuwa na la kumwambia.

Tangu siku ile, mtu akija kutafuta kijiji cha wazee wake, hatuanzi tena na jina la kijiji. Tunauliza: walichota maji wapi? Majina ya vijito hayakufa pamoja na masultani. Mama yule alitutajia kumi na vinne kabla ya kufariki. Vimeandikwa katika daftari iliyo katika sakristia, na kurasa nyingi bado ni tupu.