Bunduki Moja kwa Kazi Mbili

Wahenga walisema: Mshika mbili moja humponyoka. Neno hili ni kweli mara nyingi, lakini si mara zote. Leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu jinsi mafundi wa bunduki walivyoshindana na methali hiyo kwa muda wa miaka mingi. Walikuwa wakitafuta bunduki moja ya marisau iwezayo kufanya kazi mbili: kumpiga ndege arukaye porini, na kuivunja sahani ya udongo irushwayo uwanjani kwa mchezo wa shabaha.

Labda mtu atauliza: Je, kazi hizo mbili si moja? Hapo mwanzo zilikuwa moja kweli, maana sahani ilitengenezwa ili ishike nafasi ya ndege. Lakini kadiri miaka ilivyopita, mchezo uliachana na uwindaji kama mtoto aliyehama nyumba ya baba yake, na kila mmoja akataka bunduki yake. Tajiri hakupata shida, alinunua mbili. Mwenye fedha ya bunduki moja tu ndiye aliyelazimika kuchagua. Basi, historia hii ni yake.

I. Njiwa wa sandukuni

Tangu mwisho wa karne ya 18, mabwana wa Uingereza walikuwa na mchezo wa kupiga njiwa wazima. Njiwa alitiwa katika kisanduku kilichowekwa chini uwanjani. Mpigaji akisema yuko tayari, mtu alivuta kamba, kisanduku kikafunguka, njiwa akaruka, naye mpigaji akafyatua. Watu waliweka fedha wakibishana nani atapiga wengi.

Mchezo huo ukavuka bahari ukafika Marekani. Huko palikuwa na namna ya njiwa wa mwituni wenye kusafiri makundi makundi, wengi kupita hesabu, hata wakipita walitia giza mchana. Watu waliwanasa kwa nyavu, wakawapakia garimoshi, wakawapeleka sokoni waliwe, na wengine katika viwanja vya shabaha. Pamoja na hayo, misitu yao ilikatwa. Wa mwisho wao, jike aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya mji wa Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Ndege waliokuwa mamilioni mengi hawako tena duniani.

Hata katika michezo ya Olimpiki ya Paris, mwaka 1900, njiwa wazima walipigwa. Mshindi alikuwa Mbelgiji, Léon de Lunden, aliyeangusha njiwa 21. Lakini watu wengi walianza kuchukizwa na mchezo wa damu usio na faida ya chakula. Uingereza iliukataza kwa sheria mwaka 1921.

II. Kioo, kisha udongo

Basi, watu walitafuta kitu cha kurusha badala ya njiwa. Katika miaka ya 1860, huko Marekani, walianza kurusha mipira ya kioo. Mpigaji mashuhuri Adam Bogardus aliitengeneza vizuri zaidi, akaunda na mtambo wa kuirusha. Lakini mpira wa kioo ulipanda juu na kushuka kama jiwe, haukuruka kama ndege. Tena vigae vyake vilijaa shambani, vikakata miguu ya watu na ya wanyama.

Mwaka 1880 mtu wa Cincinnati, George Ligowsky, alileta dawa ya shida hiyo. Husimuliwa ya kuwa aliona vijana wakitupa vitu bapa juu ya maji, navyo vikirukaruka mbali. Akafikiri: Kitu bapa chenye kuzunguka hukaa hewani. Akaunda sahani ndogo ya udongo uliochomwa, na mtambo wa kuirusha. Sahani zile za kwanza zilikuwa ngumu mno: ziliguswa na marisau, zikalia kama kengele, zisivunjike! Baadaye wakaacha udongo, wakachanganya lami na unga wa mawe ya chokaa, lakini jina la udongo likabaki. Sahani ya mashindano makubwa siku hizi ina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105.

Tazameni jambo la ajabu: mji ule ule ambamo njiwa wa mwisho alikufa, ndimo sahani ilimozaliwa, miaka 34 kabla ya kufa kwake.

III. Mtoto ahama nyumba ya baba

Mchezo wa kwanza wa sahani ulifuata desturi ya njiwa wa sandukuni. Mpigaji husimama nyuma ya mtambo, kama mita 15. Anajua wakati sahani itakapotoka, kwa sababu yeye mwenyewe huiita. Anajua kwamba itakwenda mbele yake na kupanda juu. Kwa hiyo huiweka bunduki begani mapema, kisha huita.

Mafundi wakamtengenezea bunduki ya kumfaa: nzito, kilo nne hivi, ili isimpige sana bega akifyatua mara mia kwa siku moja, yenye mtutu mrefu, na yenye kitako kilichoinuka, ili marisau yaende juu kidogo, maana sahani inapanda. Bunduki hiyo ni nzuri uwanjani. Lakini mpe mwindaji! Akitembea nayo tangu asubuhi, saa sita mikono imechoka. Kwale akitoka majanini, bunduki inachelewa kufika begani. Na ndege akiruka sawasawa bila kupanda, marisau yanapita juu ya mgongo wake.

Wawindaji waliona hasara hiyo. Mmoja wao, Charles Davies wa Andover katika Marekani, alitaka mchezo wa kuwafundisha watu kupiga ndege kweli. Karibu na mwaka 1915 alichora duara kubwa uwanjani kama uso wa saa, wapigaji wakaizunguka wakipiga sahani kutoka kila upande: zenye kuja, zenye kwenda, na zenye kukatiza. Mwaka 1923 jirani yake alianza kufuga kuku kando ya uwanja, na marisau yakawa hatari kwao. Basi Davies akaikata duara nusu, akaweka mtambo wa pili upande wa pili. Hivyo ulipatikana mchezo ambao mwaka 1926 uliitwa skeet. Ulipoanza, mpigaji alilazimika kushika bunduki chini ya bega mpaka aone sahani, kama mwindaji anavyofanya.

Lakini hata mtoto huyo alihama. Watu wakapenda hesabu ya ushindi kuliko mazoezi ya uwindaji. Huko Marekani baadaye wakaruhusiwa kuweka bunduki begani kabla ya kuita, nao wakataka bunduki ya skeet tu.

IV. Siri ya mdomo wa mtutu

Hapa yafaa tueleze neno moja. Marisau yakitoka hutawanyika kama mbegu mkononi mwa mpanzi. Mtutu ukibanwa kidogo mdomoni, yanakaa pamoja mpaka mbali zaidi. Mbano wenyewe ni mdogo sana: ule mkali kabisa ni kama milimita moja tu. Fundi Mwingereza William Pape aliuandikia hati mwaka 1866, na mwenzake W. W. Greener aliutengeneza vema katika miaka ya 1870.

Wapimaji huchora duara yenye upana wa sentimita 76 na kuipiga kwa umbali wa mita 37 hivi. Mtutu usiobanwa huingiza katika duara marisau 40 kwa mia. Wenye mbano mdogo 50. Wa katikati 60. Na wenye mbano mkali 70. Basi mbano mkali ni bora? Sivyo. Kwa ndege wa karibu, marisau yaliyofungamana ama yanamkosa, ama yanamponda asifae kuliwa. Kwa ndege wa mbali, marisau yaliyotawanyika yanamjeruhi tu. Kila umbali wataka mbano wake.

V. Kazi ya Herstal

Sasa twende Ubelgiji, katika bonde la mto Meuse. Watu wa Liège ni mafundi wa bunduki tangu kale. Tarehe 10 Mei 1672, Maximilien-Henri wa Bavaria, Askofu na mtawala wa inchi ile, aliamuru kila mtutu ujaribiwe kwa baruti nyingi kabla ya kuuzwa, ili usije ukapasuka usoni mwa mnunuzi. Mpaka leo, alama ya Liège yenye herufi ELG ndani ya umbo la yai yajulikana kwa wenye bunduki.

Karibu na Liège, katika Herstal, kiwanda cha FN kilianzishwa mwaka 1889. Mwaka 1902 alifika huko fundi Mmarekani, John Browning, akiwa amekataliwa kwao. Kiwanda kimoja kiligombana naye juu ya malipo. Alipokwenda kwa cha pili, mkubwa wake alikufa ghafula siku ile ile Browning alipokuwa akingoja kumwona. Basi akapanda meli. Mwaka 1903 FN wakauza bunduki yake yenye kujitia risasi yenyewe, risasi tano mfululizo. Wawindaji wengi waliipenda. Lakini ilikuwa na mtutu mmoja, kwa hiyo mbano mmoja.

Katika uzee wake Browning alirudia shauri hilo. Alichora bunduki ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwenziwe. London mafundi walikuwa wameshatengeneza bunduki za namna hiyo, lakini kwa bei ya mabwana wakubwa. Yeye alitaka iwe kwa mtu wa kawaida. Hakuimaliza: tarehe 26 Novemba 1926 moyo wake ulisimama, akafa palepale kiwandani Herstal. Mwanawe Val akaiendeleza kazi ya baba, na mwaka 1931 bunduki ikaanza kuuzwa. Ubelgiji huiita B25.

Kwa nini ilifaa kwa kazi mbili? Kwanza, jicho laona mtutu mmoja tu mwembamba, si miwili kando kando, kwa hiyo shabaha ni wazi. Pili, kila mtutu una mbano wake: wa kwanza kwa ndege aliye karibu, wa pili kwa yule anayekimbilia mbali, ndivyo na sahani. Tatu, mtutu wa chini ukifyatuliwa kwanza, pigo lake lanyoka begani, na bunduki hairuki sana, mpigaji akawa tayari kwa risasi ya pili. Nne, ikikunjwa wazi, kila mtu aliye karibu aona kwamba haina kitu. Jambo hili si dogo, maana bunduki inayodhaniwa tupu imeua wengi.

VI. Mwenye kuchagua atazame nini?

B25 ilitaka kazi nyingi ya mkono. Mwaka 1973 namna yake ya bei nafuu ilianza kutengenezwa Japani, na mwaka 1976 Herstal waliacha kutengeneza ile ya kawaida, wakabaki na za kuagizwa tu. Lakini umbo lake limefuatwa na viwanda vingi, na mambo ya kutazama hayakubadilika sana.

Kwanza kaliba. Huku kwetu Kongo kila mwindaji husema "kaliba 12", lakini si wote wajuao maana yake. Ni hivi: ratili moja ya risasi, yaani gramu 454, ikigawanywa kuwa vidonge 12 vya mviringo, kila kimoja chaenea mtutu huo, milimita 18 na nusu. Kaliba 20 ni nyembamba zaidi. Kwa kazi mbili, kaliba 12 yashinda, maana yakubali risasi nyepesi ya gramu 24 kwa sahani na nzito zaidi kwa bata.

Pili mtutu: sentimita 71 watosha. Tatu uzito: kilo tatu na robo mpaka tatu na nusu, yaani kati ya ile ya mwindaji na ile ya uwanjani. Nne kitako, nacho ni kikubwa kuliko vyote. Hakikisha bunduki ni tupu, fumba macho, ilete begani, kisha fumbua. Jicho likiwa limelala sawa juu ya mtutu, bunduki ni yako. Likiwa sivyo, iache, hata ikiwa imenakshiwa fedha.

Tano, mbano wa kubadilika. Tangu miaka ya 1980 bunduki nyingi zina vipande vya kufungia mdomoni, kila kimoja na mbano wake. Jambo hili limekuwa la lazima zaidi kwa sababu ya marisau yenyewe. Bata humeza marisau ya risasi wakidhani ni changarawe, wakafa kwa sumu. Marekani iliyakataza kwa uwindaji wa ndege wa majini mwaka 1991, na inchi za Umoja wa Ulaya, katika mabwawa na vinamasi, tangu tarehe 15 Februari 2023. Badala yake watu hutumia chuma, nacho ni kigumu: katika mtutu wa zamani wenye mbano mkali chaweza kuuharibu. Bunduki ya kurithi na ipimwe na fundi kwanza.

Tumalize kwa jambo moja tuliloliona wenyewe. Siku moja, tukiwa njiani kwenda kufundisha kijijini, tulimkuta mwindaji akimpiga kanga kwa hatua sitini na zaidi. Manyoya yalianguka, kanga akaenda zake. Siku ya tatu, tukirudi kwa njia ile ile, tulimwona chini ya kichaka, ameoza. Hakumlisha mtu. Bunduki ya mtu yule ilikuwa nzuri, lakini hakujua umbali wake.

Hapo ndipo faida ya bunduki moja kwa kazi mbili. Sahani ikikoswa, si kitu, ni lami tu. Nayo haidanganyi: yamwonyesha mtu mahali uwezo wake unapokwisha. Na mtu aliyefundishwa na sahani kwa bunduki ile ile atakayoichukua porini, mikono yake yakumbuka. Ndege akiwa mbali mno, aishusha bunduki, amwacha aende. Mtu huyo ameshika mbili, wala hakuna iliyomponyoka.