Tuzo za Mwigizaji na Mahakimu Wake

Mtu akitaka kuandika historia ya askari, hutazama nishani zilizo kifuani mwake. Akitaka kuandika historia ya mwigizaji wa filamu, huhesabu tuzo zake. Njia hiyo ina faida, na ina hatari pia. Nishani hutwambia kuwa askari alisifiwa. Haitwambii nani alimsifu, wala kwa sababu gani, wala ni askari wangapi waliostahili sifa ile wakaikosa. Katika kurasa hizi tutafuata tuzo za mwigizaji mmoja wa Kenya, Lupita Nyong'o, na kila tufikapo penye tuzo tutauliza ni nani aliyeketi katika kiti cha hakimu.

Habari yenyewe yapitia Kibera. Mtaa huu wa Nairobi ulikuwa msitu walipokaa askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles, na jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana hiyo hiyo ya msitu. Mwaka 2004 vichochoro vyake na mabati yake yalipigwa picha kwa ajili ya filamu iitwayo The Constant Gardener, iliyotolewa mwaka uliofuata. Mwongozaji, Fernando Meirelles, alikuwa Mbrazili. Waigizaji wakuu, Ralph Fiennes na Rachel Weisz, walikuwa Waingereza. Watu wa Kibera waliingia katika filamu ile kwa wingi, wakipita, wakisimama, wakitazama. Lakini umati haupewi tuzo. Miongoni mwa vijana waliosaidia kazi nyuma ya kamera alikuwamo Lupita. Alimweleza Fiennes kuwa alitamani kuigiza, naye akamjibu kuwa aishike kazi hiyo ikiwa tu hakuna nyingine aitakayo duniani. Lilikuwa jibu kavu, lakini lilimfaa kuliko sifa za bure.

Tarehe 5 Machi 2006, kwa filamu hiyo, Rachel Weisz alipewa Oscar ya mwigizaji bora wa kike msaidizi. Watengenezaji waliacha mfuko wa kusaidia elimu Kibera na Loiyangalani, na kwa hilo wanastahili shukrani. Sanamu yenyewe ilikwenda na mgeni.

Lupita alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, baba yake, Profesa Anyang' Nyong'o, alipokuwa akifundisha huko, akalelewa Nairobi. Alipokuwa na umri wa miaka 14 aliigiza Juliet wa Shakespeare pamoja na kundi la Phoenix Players. Mwaka 2009 alitoa filamu yake mwenyewe juu ya maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya, na mwaka 2012 akamaliza masomo ya uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale. Hakuwa bado na jina Hollywood alipochaguliwa na Steve McQueen kuigiza katika filamu 12 Years a Slave.

Humo alikuwa Patsey. Patsey hakubuniwa, aliishi kweli, mtumwa katika shamba la pamba huko Louisiana, na habari zake ziliandikwa mwaka 1853 na Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa na kuuzwa utumwani. Kwa maelezo ya Northup, mwanamke huyo aliweza kuchuma ratili 500 za pamba kwa siku moja, na malipo yake yalikuwa mjeledi.

Msimu wa tuzo wa mwaka 2014 ulikuwa kama safari ya jahazi katika pepo zisizo na imani. Tarehe 12 Januari waandishi wa habari wa kigeni walioko Hollywood walitoa Golden Globe. Lupita alikuwa amependekezwa, lakini wakampa Jennifer Lawrence. Tarehe 18 Januari waigizaji wenyewe, kwa chama chao, wakampa Lupita. Tarehe 16 Februari, London, Waingereza wakarudi kwa Lawrence. Kazi ni ile ile, filamu ni ile ile; aliyebadilika ni hakimu. Tarehe 1 Machi, siku alipotimiza miaka 31, alipata tuzo ya Independent Spirit, na kesho yake usiku akaitwa jukwaani kupokea Oscar, katika jumba lile lile alimopokea Weisz miaka minane kasoro siku tatu kabla yake.

Yafaa msomaji ajue jinsi Oscar inavyopatikana. Waigizaji walio wanachama wa Akademia ya filamu ya Marekani hupendekeza majina matano; kisha wanachama wote, wa kila fani, hupiga kura. Sanamu ina urefu wa inchi 13 na nusu na uzito wa ratili 8 na nusu. Mwanamke mweusi wa kwanza kuipata alikuwa Hattie McDaniel, mwaka 1940, naye aliketishwa katika meza ya peke yake, mbali na wenziwe weupe. Lupita alikuwa wa sita katika fungu hilo la waigizaji wasaidizi, na Mkenya wa kwanza kupata Oscar ya uigizaji.

Jukwaani alikiri kuwa furaha yake imetokana na maumivu makubwa ya mtu mwingine, akamshukuru Patsey. Nadhani maneno hayo ni mazito kuliko yale aliyowaambia watoto juu ya uhalali wa ndoto zao, ingawa hayo ya pili ndiyo yaliyorudiwa zaidi Kenya. Wakenya na Wameksiko nao waligombea kwa mzaha mwigizaji huyu ni wa nani, na kwa pasipoti kila upande ulikuwa na haki.

Baada ya hapo mizani ilipanda na kushuka. Mwaka 2016 alipendekezwa kwa tuzo ya Tony kwa mchezo wa Eclipsed wa Danai Gurira, juu ya wanawake katika vita vya Liberia. Jessica Lange akashinda. Mwaka 2019 katika filamu Us aliigiza watu wawili wanaofanana sura na kutofautiana roho, mmoja akiwa na sauti ya mtu aliyekabwa koo. Wahakiki wa New York walimchagua mwigizaji bora wa kike wa mwaka. Majina ya Oscar yalipotangazwa tarehe 13 Januari 2020, lake halikuwamo. Ilikuwa filamu ya kutisha, na Akademia huzidharau filamu za kutisha. Tena ilikuwa imetolewa mwezi wa Machi, na kumbukumbu za wapiga kura ni fupi. Kwa maoni yangu kazi ile haikupungukiwa na lolote mbele ya ile iliyompa sanamu.

Wala si lazima hakimu akae ng'ambo ya bahari. Mwaka 2012 Joseph Wairimu alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban kwa Nairobi Half Life ya David Gitonga, habari ya kijana atokaye shamba kutafuta uigizaji Nairobi akaangukia kwa wezi. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Kenya kushindania Oscar ya filamu za kigeni. Haikupita, lakini kijana wa Kibera, au wa Kongo kule Kawangware, alisikia humo Kiswahili na Sheng ya mtaa wake, si lugha ya wageni waliokuja na kamera.

Mwezi wa Februari 2024 Lupita mwenyewe aliketi katika kiti cha hakimu. Alikuwa mkuu wa jopo la tamasha la Berlin, mtu mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho, na jopo lake likampa Dubu wa Dhahabu Mati Diop kwa filamu Dahomey, inayosimulia safari ya hazina 26 za wafalme wa Abomey zilizotoka Ufaransa na kurudishwa Benin mwaka 2021.