Kadhi Hakati Kila Kesi

Sisi watu wa Bodo, ugomvi wa shamba ukianza tu, mtu ashasema, "Twendeni kwa kadhi!" Poleni, mumechelewa miaka mingi.

Mwaka 1895 Mwingereza alishika utawala wa ukanda huu wa maili 10 kutoka baharini, ila bendera ikabaki ya Sultani wa Zanzibar. Kesi zikaendelea kwa liwali, mudiri na kadhi. Oktoba 1963, uhuru ukibisha hodi, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, wakaandikiana barua: mamlaka ya kadhi yatalindwa.

Yakalindwa kweli, lakini kwa kipimo. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inampa kadhi hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena wahusika wote wawe Waislamu na wakubali kusikizwa naye. Basi.

Jirani akisogeza mpaka, hiyo ni ya hakimu aliyepewa kesi za ardhi, ama Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Shangazi yangu alianzia kwa kadhi. Kufika kwa hakimu, jirani keshapanda mihogo hadi kisimani.