Ngazi ya noti tano: Mlango wa kwanza kwa anayejifunza gitaa

ANAYETAKA kujifunza gitaa akiwa Madungu, mjini Chake Chake, hana wepesi alionao mwenzake wa Mji Mkongwe, Unguja, ambako chuo cha muziki cha DCMA kilianzishwa mwaka 2002. Kati yake na chuo hicho ipo bahari.

Hata hivyo, lipo somo moja la msingi analoweza kulianza mwenyewe barazani kwake. Nalo ni ngazi ya noti tano, ambayo wanamuziki huiita pentatoniki meja.

Ngazi meja ya kawaida ina noti saba. Pentatoniki huziacha mbili, ya nne na ya saba. Katika ngazi meja, hizo ndizo zinazokaribiana mno na jirani zao: ya nne iko freti moja tu juu ya ya tatu, na ya saba iko freti moja chini ya ya nane. (Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyopachikwa shingoni mwa gitaa.) Zikiondolewa, tano zinazobaki hazikwaruzani, na mwanafunzi anaweza kubuni tuni bila hofu ya kuudhi masikio.

Nyuzi zimekwisha kuifahamu

Gitaa lililotiwa sauti kwa mtindo wa kawaida, kuanzia uzi wa sita ulio mnene hadi wa kwanza ulio mwembamba, hutoa E, A, D, G, B na E. Zipange noti hizo kuanzia G na utapata G, A, B, D, E. Hiyo ndiyo pentatoniki meja ya G, kabla hata kidole hakijagusa freti.

Kila uzi hupigwa mara mbili, kwanza ukiwa wazi, kisha ukibonyezwa:

Uzi wa sita: wazi, freti ya tatu (E, G).
Uzi wa tano: wazi, freti ya pili (A, B).
Uzi wa nne: wazi, freti ya pili (D, E).
Uzi wa tatu: wazi, freti ya pili (G, A).
Uzi wa pili: wazi, freti ya tatu (B, D).
Uzi wa kwanza: wazi, freti ya tatu (E, G).

Tumia kidole cha kati kwa freti ya pili na cha pete kwa ya tatu. Anzia G ya uzi wa sita, panda hadi G ya uzi wa kwanza, kisha teremka ulikotoka. Mapigo 60 kwa dakika yanatosha. Kasi itakuja yenyewe. Ukimaliza, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu, kwani hewa ya chumvi huzitia kutu upesi.

Sikio kwanza

Wengi hukariri mahali pa vidole wakadhani wamemaliza. Lakini noti hizohizo tano zikianzia na kutulia kwenye E huwa pentatoniki maina, yenye sauti ya majonzi. Vidole havikubadilika, kilichobadilika ni noti ya nyumbani. Kwa hiyo mwanafunzi aiimbe kila noti anapoipiga, hadi sikio limwambie lini amerejea kwenye G.

Akifika hapo, auhamishe mpangilio wote freti tano juu, freti ya tano ikichukua nafasi ya uzi ulio wazi. Nyumbani patakuwa freti ya nane ya uzi wa sita, na ngazi itakuwa ya C.

Muziki wa noti tano si mgeni Afrika Mashariki. Waganda wanao katika ennanga, kinubi chao, ingawa nafasi baina ya noti zao hazilingani na za gitaa.

Taarabu nayo ina mipaka mingine. Baadhi ya maqamu zake zina sauti zinazokaa kati ya freti mbili. Udi huzitoa kwa urahisi kwa kuwa hauna freti. Mpiga gitaa hulazimika kuuvuta uzi.

Basi kijana wa Madungu achague kasida au wimbo wa taarabu anaoujua kwa moyo, na autafute ndani ya noti hizi tano. Itakapojitokeza sauti inayokataa kuingia, asiilazimishe. Hiyo ndiyo somo lake linalofuata.