Unganisho: istilahi ya JOIN katika SQL

Unganisho ni tendo la kuoanisha safu mlalo za majedwali ya hifadhidata kwa kufuata thamani zinazolingana. Katika SQL huandikwa JOIN. Muungano si tafsiri yake, maana neno hilo ni la UNION, amri inayoweka matokeo ya ulizo moja chini ya mengine. Muungano hurefusha jedwali, unganisho hulipanua. Kiungo nacho kimeshazoeleka kwa maandishi ya kubofya kwenye tovuti.

Haja ya unganisho inatokana na wazo la Edgar F. Codd wa IBM, aliyependekeza mwaka 1970 data ipangwe katika majedwali yanayohusiana kwa thamani zake. Maktaba, kwa mfano, huwa na jedwali la wanachama, la vitabu, na la uazimaji linalobeba namba ya mwanachama na namba ya kitabu.

Zamani majedwali yaliorodheshwa baada ya FROM, yakitenganishwa kwa mkato, na masharti ya ulinganifu yakawekwa kwenye WHERE pamoja na masharti mengine yote. Sharti likisahauliwa, kila safu mlalo huoanishwa na kila nyingine: majedwali matatu yenye safu mlalo 100 kila moja, bila sharti lolote, hutoa 1,000,000. Kiwango cha SQL cha 1992 kililipa kila unganisho sharti lake:

SELECT wanachama.jina, vitabu.jina
FROM wanachama
JOIN uazimaji USING (namba_mwanachama)
JOIN vitabu USING (namba_kitabu);

USING hutaja safu wima yenye jina moja pande zote mbili. Majina yakitofautiana, au mfumo usipoitambua USING, kama SQL Server, hutumika ON na sharti kamili. Kwa kawaida majedwali matatu huhitaji masharti mawili, manne huhitaji matatu.

NATURAL JOIN ni fupi zaidi, lakini hulinganisha kila safu wima yenye jina moja. Hapa ingelinganisha pia jina la mwanachama na jina la kitabu, na matokeo yangekuwa matupu.

JOIN ya kawaida humwacha nje mwanachama asiyeazima kitu. Ili abaki, maunganisho yote mawili huandikwa LEFT JOIN, yaani unganisho la kushoto. Nafasi ya kitabu chake hujazwa NULL, alama ya thamani isiyokuwapo.